Baba Aliyehamia Chumba cha Pili

Wanawake wa Kitendaguro, hapa Bukoba, wakianza kuzungumza habari za ndoa huku wakimenya ndizi za mchana, hadithi mara nyingi huanzia kwenye uzazi. Mtoto akizaliwa, mama hulala naye, baba huhamia chumba cha pili, na mama mkwe aliyekuja kusaidia huwaonya wasije wakambemenda mtoto. Wengi bado wanaamini kuwa wazazi wakikutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto atadhoofu, ataharisha na kuchelewa kutembea. Basi vijana wawili hukaa mwaka na zaidi bila kugusana, na hakuna anayethubutu kulisema.

Baba huanza kuchelewa mjini. Mama, aliyeshinda na kichanga, nepi na kibanja, hupata wa kumsikiliza kwenye simu. Maana wake nao huchepuka, na naamini upweke huwasukuma zaidi kuliko tamaa.

Imani hii inatuumiza. Mtoto akikonda, wazazi hulaumiana badala ya kumwahisha kliniki, wakati tatizo mara nyingi ni lishe duni, kuhara au malaria. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mama aliyepona vizuri, kwa kawaida baada ya wiki sita hivi, anaweza kurudi kwa mumewe akiwa tayari mwenyewe, akaendelea kunyonyesha hadi mtoto afikishe miaka miwili. Uzazi wa mpango upo ili mdogo wake asije mapema.

Na Kagera, zaidi ya mkoa wowote mwingine, haiwezi kulifanya suala la kuchepuka kuwa umbea. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa mwaka 1983, na Bukoba na Muleba ziko familia ambazo bibi ndiye aliyewalea wajukuu waliobaki. Mama aliyepimwa akiwa mjamzito akakutwa salama anaweza kuambukizwa na mumewe wakati ananyonyesha. Maambukizi mapya huja na virusi vingi mwilini, hivyo hatari ya kumfikia mtoto kupitia maziwa huwa kubwa. Wapime tena, wote wawili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautambua ugoni kuwa ushahidi wa ndoa kuvunjika, lakini kwa kawaida wanandoa hupitia kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Wengi hufika huko wamechelewa, kila mmoja na ujumbe wa simu mkononi, na swali linakuwa nani kamfumania nani. Natamani waulizwe pia nani alikuwa anaamka usiku mtoto akilia.

Nafasi ya kuwahi ipo. Mama akirudi kliniki wiki ya sita, nesi amwite na baba, awaeleze waziwazi lini wanaweza kurudiana na kwa njia gani ya uzazi wa mpango. Mama mkwe naye akaribishwe, asikie kwa masikio yake.