Kumpa mtoto wa chekechea simu kuna kipimo

KATIKA ploti za ghorofa mtaani Mowlem, Nairobi, ambako nafasi ya watoto kuchezea ni haba, mara nyingi simu ya mama ndiyo humtuliza mtoto wa chekechea jioni huku ugali ukisongwa. Ni afueni inayoeleweka, ila ina kipimo.

Mnamo Aprili 2019, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Aliye chini ya miaka 2 asiwekewe kabisa. Wa miaka 3 na 4 ahitaji saa tatu za kucheza na kukimbia, na usingizi wa saa 10 hadi 13.

Mwaka uo huo, Mtaala wa Umilisi ulianza kutekelezwa kote nchini, ujuzi wa kidijitali ukiwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Wapo wazazi wanaoona mgongano hapo. Haupo. Mtaala haumtaki mtoto akodolee vibonzo peke yake, bali atumie kifaa kujifunza. Mzazi akiketi naye, amuulize jina la mnyama waliyemwona, kisha amwache amchore kwa kalamu za rangi, nusu saa yatosha. Simu inayoingia naye kitandani ndiyo ya kuondolewa kwanza, maana humpokonya usingizi.