Ukikata Sailensa ya Pikapu, Moshi Unaenda Wapi?



Hapa Gumbo ukikaa kidogo tu kando ya barabara ya Nimule utahesabu pikapu za zamani mpaka uchoke. Hilux na Land Cruiser zimebeba magunia, mbuzi na watu juu yake. Nyingi ukizisikia unajua tu, sailensa imetolewa. Mwenye gari anakwambia sasa inavuta vizuri, tena sailensa mpya ni ghali. Fundi wa kuchomelea naye anakata bomba katikati, anabandika kipande cha chuma, kazi imekwisha kabla ya chai.

Mimi mwenyewe nilipanda gari ya namna hiyo tukirudi kutoka mazishi Nimule. Safari ni kilomita 192. Mvua ikaanza, tukajifunika turubai, watoto wanne wakalala chini. Baada ya muda mmoja akatapika. Mwingine tulimwita, akafungua macho, akafunga tena. Mzee mmoja akasema ni malaria. Mimi mwalimu nikadhani ni njaa. Mama mmoja ndiye aligonga kioo dereva asimame. Tulipowashusha wakapata upepo, wakazinduka polepole. Dereva kuinama, akakuta ekzosi imeishia chini ya bodi, palepale walipolala.

Moshi wa injini una hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku anapumua. Injini ya petroli huitoa kwa wingi kuliko ya dizeli, lakini dizeli pia si ya kuamini. Na gari ikienda mbio, upepo wa nyuma huzunguka na kurudisha moshi ndani ya turubai.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1992 madaktari wa Seattle, Marekani, waliandika habari za watoto 20 waliopata sumu hii nyuma ya pikapu. Walikuwa chini ya kifuniko au turubai. Mmoja alikufa, mwingine akabaki na madhara ya ubongo. Gari zote hizo, ama ekzosi ilikuwa inavuja, ama bomba lilitokea nyuma badala ya ubavuni.

Sikatazi mtu kubadilisha ekzosi. Gari ikizeeka, bomba linaoza, lazima litengenezwe. Ila mwambie fundi haya:

1. Bomba lipite mpaka nje ya bodi, litokee ubavuni. Lisiishie chini ya watu.

2. Viungo viwekwe gasketi mpya. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa gari mahali pa wazi, mwenzako azibe mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kinene chenye maji. Ukisikia "psss" mahali pengine, hapo panavuja. Masizi kwenye kiungo pia ni dalili.

3. Matundu ya sakafu, mbele na nyuma, yazibwe.

4. Bomba lishikiliwe imara, maana mashimo ya barabara huachanisha palipochomelewa.

Nasi abiria tuna kazi yetu. Mvua ikinyesha, watoto wakae mbele na dereva, au gari isimame mpaka ipite. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu, akitapika au akisinzia ovyo, msingoje kufika. Simamisheni gari, mtoeni kwenye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali hata kama ameamka.

Wale watoto wanne bado nawaona darasani. Kila nikisikia pikapu inanguruma nje, nawahesabu tena.