Je, Wajua? Maua na Majani ya Kichina ya Kikohozi Kikavu

Je, wajua kwamba madaktari wa Kichina si wageni Musoma? Walianza kufika Tanzania Bara mwaka 1968 kutoka jimbo la Shandong, na Musoma ni mmoja wa miji waliyopangiwa kazi. Zanzibar walitangulia mwaka 1964.

Je, wajua huko kwao China kuna ua linalomkwepa binadamu? Ni Fritillaria la milimani, ambalo tunguu lake husagwa kuwa dawa ya kikohozi. Kilo moja tu hudai matunguu zaidi ya 3,500, na mmea huchukua miaka 5 kuchanua! Sasa sikia hili: mwaka 2020 wanasayansi walieleza kwamba pale wachumaji wanapopita sana, majani yake yamekuwa ya kijivu na kahawia, rangi ya mawe yanayouzunguka. Mimea iliyong'aa kijani iling'olewa. Iliyofanana na mawe ikabaki, ikazaa. Mkono wa mtu umebadili rangi ya mmea, ndugu yangu!

Je, wajua jani la mlokwati hutuliza koo, lakini lina manyoya yanayowasha koo hilohilo? Lazima yasuguliwe yatoke kwanza, la sivyo dawa ya kikohozi inakukohoza.

Urukususu unaujua? Wachina huutia katika dawa nyingi mno. Utamu uliomo kwenye mzizi wake unaishinda sukari zaidi ya mara 30! Ukiuzidisha, hupandisha shinikizo la damu.

Na mforosadi je? Majani yaleyale anayokula kiwavi wa hariri, Wachina huyachemsha kwa kikohozi kikavu. Mti mmoja, nguo na dawa.

Tabibu wa Kichina Li Shizhen alitumia takriban miaka 27 kuandika kitabu chenye dawa 1,892. Alikimaliza 1578, akafariki 1593, kikachapwa 1596. Hakukiona!

Asali nayo, Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa kitulizo cha koo. Lakini mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata tone usimpe. Kikohozi kikitimiza wiki 2, nenda ukapimwe kifua kikuu.

Mwisho, peasi. Hutolewa mbegu, likajazwa sukari ya mawe, likapikwa kwa mvuke hadi lilainike. Kisha mgonjwa analila kwa kijiko, pamoja na mchuzi wake mtamu. Dawa hiyo!