Nani atarithi mikoba ya Bibi?

Kumbukumbu ya muuguzi mstaafu wa Unyambwa

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa uhai na kuutwaa kwa wakati aupendao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, Bibi yetu alifariki dunia alfajiri ya Jumatano, nyumbani kwake katika kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida. Kabla ya Alasiri alikuwa amekwisha sitiriwa. Waliofika kumzika walizidi sana idadi ya ukoo wetu, na wengi wao hatukuwafahamu. Kila tulipomuuliza mtu uhusiano wake na marehemu, jibu lilikuwa karibu lile lile: "Mimi nilizaliwa mikononi mwake."

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuyataja mema ya maiti wetu na kuyanyamazia mabaya yao. Kwa mafundisho hayo nayaandika haya. Si kwa kujifaharisha, bali kwa sababu Bibi ametuachia swali ambalo si la familia yetu peke yake.

Baiskeli na sanduku la barafu

Bibi alihitimu mafunzo ya uuguzi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huo ulikuwa wakati ambapo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilikuwa ikizipeleka zahanati vijijini, na wauguzi walihitajika kuliko walivyopatikana. Mwaka 1975 ulipoanza mpango wa taifa wa chanjo, naye akawa miongoni mwa waliozunguka nao. Alipanda baiskeli, nyuma amefunga sanduku la chanjo lenye barafu, akipita baina ya mashamba ya mtama na uwele, huku upepo wa Singida ukimpiga usoni. Alipofika alitundika mizani kwenye tawi la mti, akawapima watoto mmoja mmoja na kuwachanja dhidi ya surua, pepopunda, kifaduro na kupooza.

Usiku alikuwa na kazi nyingine. Mlango ukigongwa, hakuuliza aliyegonga ni wa dini gani wala wa kabila gani. Aliuliza jambo moja tu: "Uchungu umeanza saa ngapi?" Katika Sura ya tano, Al-Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ameifananisha kazi ya kuiokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote. Bibi hakuwa mtu wa kuhubiri, lakini aya hiyo aliijua vema, nasi tulimwona akiishi nayo.

Siri ni amana

Nilipokuwa kijana nilimwomba anisimulie mambo aliyoyaona wodini. Alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Mjukuu wangu, mgonjwa hunikabidhi mwili wake kwa kuwa hana budi. Nikiitoa siri yake nje, nimemwibia kitu asichoweza kukidai." Sikumuuliza tena.

Tumefundishwa kwamba mwenye kumsitiri Mwislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera. Bibi aliyajua mengi ya nyumba za watu: ndoa zilizokosa watoto, maradhi yaliyofichwa, mimba zilizoharibika. Yote amekwenda nayo kaburini.

Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini mikono yake haikustaafu. Wajawazito waliendelea kumjia kwa ushauri, naye aliwahimiza kuhudhuria kliniki mapema wala wasijifungulie nyumbani. Na alipofariki mwanamke, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha.

Mfano wake tunaupata kwa masahaba wanawake. Ummu Atiyya, mwanamke wa Kiansari, alifuatana na Mtume (S.A.W.) katika vita saba, akiwapikia wapiganaji, akiwatibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Yeye huyo ndiye aliyekuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha binti yake Mtume. Mtume aliwaelekeza waanze kwa upande wa kulia, waoshe kwa idadi ya witiri, kwa maji na majani ya mkunazi, na mwishoni watie kafuri. Rufaida, wa kabila la Aslam, alikuwa na hema lake msikitini Madina, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki, mwaka wa tano wa Hijra, alipelekwa humo kuuguzwa. Haya yalitokea zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya Florence Nightingale kuwauguza askari wa vita vya Crimea mwaka 1854.

Swali la Bibi

Sasa nilieleze lile lililotutia katika mtihani. Mjukuu wake mmoja, binti wa baba yangu mdogo, alifaulu kidato cha nne, na katika biolojia na kemia alifanya vizuri. Akaomba kusomea uuguzi. Baba mdogo akakataa katakata. Alisema chuo kiko mbali, binti atalala bwenini, atakesha zamu za usiku na kuchanganyika na wanaume. Si maneno ya mtu mbaya. Ni hofu ya mzazi, na wengi wetu tunayo.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza: "Mwanangu, mkeo alipopata uchungu wa binti huyu, ulisimama mlangoni ukasema nini?" Baba mdogo akainamisha kichwa. Sote tulijua alichosema. Alisema: "Mtafuteni mwanamke."

"Nami nilipatikana," Bibi akasema, "kwa sababu baba yangu aliniruhusu. Je, mkwe wa binti yako atampata nani?"

Ndugu zangu katika imani, tulitafakari swali hilo. Tunataka wake zetu wahudumiwe na wanawake wenzao, na hiyo ni haki, kwani wanazuoni wameutanguliza utabibu wa mwanamke kwa mwanamke pale anapopatikana. Lakini atapatikanaje ikiwa kila mzazi anamzuia wake? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu elimu ya tiba kuwa fardhi ya kutoshelezana: wakiitekeleza baadhi, wengine wamesalimika, isipotekelezwa na yeyote, dhambi ni ya mji mzima.

Wala haja haijaisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria kuwa wanawake 556 hufariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hiyo ni neema ya kushukuriwa. Hata hivyo, kila mmoja katika hao waliobaki ni mama wa mtu.

Ng'ombe wawili

Siku ya tatu baada ya mazishi, imamu wa msikiti wetu alitukutanisha. Alitukumbusha utaratibu wa sheria: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo mirathi. Deni lilikuwa moja tu, la sukari na miche ya sabuni katika duka la jirani. Likalipwa pale pale.

Kisha akaeleza kwamba Bibi aliusia mbele yake na shahidi mwingine. Katika ng'ombe wake sita, wawili wauzwe, na fedha zake zimsomeshe binti yule uuguzi, iwapo baba yake ataridhia. Imamu akafafanua: mjukuu ambaye baba yake yu hai hamrithi bibi yake mzaa baba, hivyo wasia kwake unafaa, na wawili hawakuvuka theluthi, mpaka aliouweka Mtume (S.A.W.) alipomjibu Saad bin Abi Waqqas.

Tukamgeukia baba mdogo. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza maswali ya mzazi mwenye hekima: bweni la wasichana lina usimamizi gani, binti ataruhusiwa kujisitiri, ataswali wapi. Hakuuliza tena kama aende. Siku ya mnada aliwaswaga ng'ombe wale yeye mwenyewe.

Tumefundishwa kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Shangazi zetu walitusimulia kwamba siku ile ya msiba, binti yule ndiye aliyewashikia chombo cha maji ya mkunazi wakati wa kumwosha Bibi, na mikono yake haikutetemeka.

Ewe mzazi mwenye binti anayeomba kusomea uuguzi au ukunga, muulizie chuo salama, mwekee masharti ya dini yake, kisha mpe idhini.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi yetu na wauguzi wote waliotangulia. Amin.