Kwa Nini UTI Humrudia Mmoja na Kumwacha Jirani

"Daktari, mimi ni msafi." Kauli hii husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kabla mgonjwa hajaulizwa lolote. Ametibiwa UTI mara nne katika mwaka mmoja. Mkobani ana madaftari ya vituo vitatu vya afya na mabaki ya vidonge vya kila rangi. Moyoni ana maneno ya mawifi, ya majirani, pengine na ya mume, yanayomtaka aeleze maradhi hayo ameyatoa wapi. Wapo waliomwambia ni choo cha kazini. Wengine hawakusema choo.

Swali linalomshangaza huja baadaye: "Mama yako naye aliwahi kusumbuliwa hivi? Na dada zako?"

Swali hilo lina msingi. Sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo husababishwa na Escherichia coli, bakteria wanaoishi katika utumbo wa kila binadamu, nadhifu na asiye nadhifu. Kwa mwanamke, safari yao kutoka njia ya haja kubwa hadi tundu la mkojo ni fupi, na mrija wenyewe una urefu wa sentimita 4 hivi, ilhali wa mwanamume hukaribia 20. Kwa hiyo bakteria hao huwafikia wanawake wengi. Tofauti kubwa huanzia pale wanapofika.

Bakteria wanaoshambulia njia ya mkojo wana vinyweleo vyembamba vyenye ncha za kunasia, mithili ya mbigili kwenye pindo la nguo. Hunasa kwenye aina fulani za sukari zilizo juu ya seli, na mpangilio wa sukari hizo hurithiwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1989 ulihusisha maambukizi ya kujirudia na kundi la damu la Lewis, mfumo usioandikwa kwenye kadi ya mchangia damu. Wanawake ambao mate na majimaji yao mengine hayana chembe za kundi lao la damu walionekana kuwa katika hatari zaidi. Vinasaba vingine huamua kasi ambayo chembe nyeupe za damu huitwa kwenda kupambana na wavamizi.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2000, uliwachunguza wanawake vijana. Waliokuwa na mama aliyewahi kuugua UTI walikuwa na uwezekano wa kupata maambukizi ya kujirudia zaidi ya mara mbili ya wenzao. Kwa wale walioanza kuugua kabla au wakiwa na umri wa miaka 15, uwezekano huo ulikaribia mara nne.

Utafiti huohuo haukupuuza mwenendo wa maisha. Tendo la ndoa husukuma bakteria kuelekea kibofu, hata kwa wanandoa waaminifu kabisa; kuichukulia UTI kuwa ushahidi wa usaliti ni dhuluma. Dawa za kuua mbegu za kiume, zikiwemo zinazopakwa kwenye baadhi ya kondomu, huongeza hatari kwa kuwaangamiza bakteria walinzi wa uke. Kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za dukani nako huwadhuru walinzi haohao. Hapa pana kinaya cha kusikitisha: anayetuhumiwa uchafu huzidisha kuosha. Baada ya ukomo wa hedhi walinzi hao hupungua kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka, na kwa wengi estrojeni ya kupaka ukeni husaidia.

Maji ni habari njema zaidi. Nchini Bulgaria, wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo na kuugua mara kwa mara walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Walioongeza lita 1.5 kwa siku waliugua kwa wastani mara 1.7, wasioongeza, mara 3.2. Lakini ushauri huu ni mwepesi kwa anayeutoa. Muuza mboga anayelipia choo cha soko kila aingiapo, au mwalimu asiye na choo cha karibu, hujinyima maji kwa hesabu inayoeleweka.

Neno "UTI sugu" nalo limebeba mizigo miwili: maambukizi yanayorudi, yaani mara 2 katika miezi 6 au mara 3 kwa mwaka, na bakteria wasiosikia dawa. Kuyatofautisha kunahitaji kuotesha mkojo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Tena, bakteria wakionekana kwa mtu asiye na dalili yoyote, kwa kawaida hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito. Homa ambayo kipimo cha malaria hakikuieleza haigeuki UTI kwa sababu hiyo tu.

Mwenye kisukari achunguze sukari yake. Mwanamume anayeugua achunguzwe kwa kina, hasa tezi dume. Na mama mwenye historia hii, akipata mtoto mwenye homa isiyo na chanzo, amwambie mhudumu mapema ili mkojo wa mtoto upimwe. Kasoro ya mkojo kurudi nyuma kuelekea figo hutembea katika familia, na figo changa huweza kubaki na makovu.