Urithi wa bibi: dufu, daftari na jora la bafta

Kwa zaidi ya miaka 40, mwanamke alipofariki usiku katika mtaa wetu wa Ngamiani, mjini Tanga, mlango wa kwanza kubishwa hodi haukuwa wa imamu. Ulikuwa wa bibi yangu mzaa mama. Hakuuliza marehemu ni nani wala ameacha nini. Aliuliza kama maji yamekwishatekwa, kisha akainama na kuvuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake. Ndani yake mlikuwa na jora la bafta, mkasi, pamba, kopo la kafuri na mfuko wa majani makavu ya mkunazi. Jora hilo alilinunua kwa fedha za vitumbua alivyovichoma kila alfajiri, na lilipokaribia kwisha alinunua jingine. Hakuna familia iliyowahi kudaiwa sanda.

Katika mwezi wa Shaaban uliopita zamu yake ilifika. Amefariki akiwa amevuka miaka 80, Allah amrehemu, akaacha watoto, wajukuu na vitukuu. Naandika makala haya si kwa sababu ya udugu pekee, bali kwa kuwa nina deni kwake, na deni hilo lina funzo kwa kamati za misikiti yetu na kwa kila nyumba yenye mzee.

Bibi alilelewa katika nyumba ya chuo. Baba yake alisomesha Qur'ani barazani, naye aliketi nyuma ya mlango akisikiliza, hata akahifadhi juzuu kadhaa kabla ya kukabidhiwa ubao. Herufi za Kilatini hakuzijua mpaka anaondoka duniani, lakini Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko uliotulia. Ndivyo walivyoandika wazee wetu wa pwani kwa karne nyingi, na ndivyo Mwana Kupona alivyomtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858.

Tena Allah alimjaalia sauti. Kila Alhamisi baada ya swala ya Alasiri, wasichana na akina mama walikusanyika uani kwake. Kwanza walisoma Qur'ani, kila mmoja kwa zamu, naye akisahihisha herufi bila ya kutazama msahafu. Kisha walifundishwa mambo ya tohara: hedhi, nifasi, josho na udhu. Mwisho lilishushwa dufu, likapashwa moto juu ya jiko la mkaa ili ngozi ya mbuzi ikaze, zikaanza kasida. Wengi wa wasichana wale, tuseme kweli, walivutwa na dufu. Walilifuata dufu, wakabaki kwa ajili ya darsa. Na msichana alipopevuka akili, bibi alimchukua pamoja naye kwenye msiba ili ajifunze kumwosha maiti.

Kazi hiyo aliifanya kwa adabu tuliyoipokea kupitia kwa Ummu Atiyya, mwanamke wa Kiansari aliyekuwamo miongoni mwa waliomwosha binti wa Mtume (rehema na amani zimshukie). Katika hadithi yake, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, waoshaji waliamrishwa kuanza kwa upande wa kulia na kwa viungo vya udhu, kuosha kwa idadi ya witiri, kutumia maji na mkunazi, na kuweka kafuri katika josho la mwisho. Nywele za marehemu walizisuka mikia mitatu. Bibi aliongeza sharti lake mwenyewe: atakayetoka chumbani na kusimulia alichokiona katika mwili wa marehemu, asirudi tena.

Hapa ndipo linapoingia deni langu. Nilirudi kutoka chuo cha Kiislamu nikiwa na umri wa miaka 24 na shahada mkononi. Mpaka siku hiyo bibi alikuwa akiniita "mume wangu", kama mabibi wafanyavyo kwa wajukuu zao. Alhamisi moja niliingia uani, nikasimama mbele ya wanafunzi wake, nikamwambia kuwa dufu ni upuuzi na kwamba anawapotezea mabinti wa watu wakati. Hakubishana nami. Aliliweka dufu chini taratibu, akasema: "Wewe umesoma, shekhe. Sisi tulisikiliza tu."

Dufu likatundikwa kwenye msumari ukutani. Tangu siku ile hakuniita tena mume wangu. Aliniita shekhe, kwa heshima iliyotimia, na kila nilipoisikia heshima hiyo nilijua kuwa kuna kitu nimekivunja. Hata hivyo, kiburi cha elimu changa kilinizuia kurudi nyuma. Darsa liliendelea bila ya kasida, na wasichana wakapungua mmoja mmoja, mpaka wakabaki watu wazima wachache.

Baada ya muda nilimtembelea mwalimu wangu mmoja, nikamsimulia jambo hilo nikitaraji pongezi. Aliniuliza swali moja: "Umewaondolea dufu. Umewapa nini badala yake?" Sikuwa na jibu. Kisha akanikumbusha hadithi niliyokwisha kuisoma: siku ya Idi, wasichana wawili waliimba na kupiga dufu nyumbani kwa Bi Aisha. Abubakari (radhi za Allah zimshukie) alipowakemea, Mtume alimwambia awaache, kwani ni siku za Idi.

Wanazuoni wametofautiana juu ya mipaka ya ruhusa hiyo, na wametofautiana zaidi juu ya maulidi na kasida. Makala haya hayakusudii kuumaliza mjadala huo, na anayejizuia kwa hoja tunamheshimu. Kosa langu halikuhitaji kitabu kikubwa kulitambua. Nilimkemea mzee mbele ya wanafunzi wake, katika jambo lenye khitilafu, bila ya kwanza kuuliza jambo hilo limebeba nini.

Ilipita miaka miwili kabla sijapata ujasiri wa kwenda kumwomba radhi. Nilimkuta ameketi mkekani akisuka ukili. Maneno niliyoyaandaa njiani yalinipotea. Nikalishusha dufu kutoka msumarini, nikaligusa, ngozi ilikuwa imelegea. Nikawasha jiko la mkaa na kuanza kulipasha moto. Alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Usiliunguze, mume wangu."

Alhamisi iliyofuata watoto watatu walikuja. Baada ya mwezi mmoja ua ulijaa.

Nilidhani kisa hicho kimeishia hapo. Baada ya maziko yake, mama yangu na dada zake walilifungua sanduku la bati, wakakuta daftari na kunikabidhi nilisome, kwa kuwa mimi ni katibu wa msikiti na nimezoea maandishi ya Kiarabu. Upande mmoja kulikuwa na kasida. Nilipoligeuza nikakuta kurasa 11 zilizojaa majina. Kila mstari ulikuwa na jina la mwanamke aliyeoshwa, mwezi wa Kiislamu na mwaka, na pembeni majina ya waliosaidia kuosha. Wasaidizi hao niliwatambua. Walikuwa ni wale wasichana wa Alhamisi.

Ndipo nikaitafuta ile miaka miwili. Mistari ilikuwepo, kwa maana mauti hayakusubiri nijirekebishe, lakini pembeni mwa kila mstari kulikuwa na jina moja tu, la mzee mwenzake ambaye naye ametangulia mbele ya haki. Wazee wawili, wote wamevuka miaka 70, waligeuza na kuinua maiti peke yao kwa muda wote huo. Hakuwahi kunilalamikia wala kumwambia mtu mwingine.

Ndugu wasomaji, kamati yetu ina orodha ya wachangiaji, ya mafundi wa bomba na ya wakodishaji wa maturubai. Orodha ya wanawake wanaojua kuosha maiti hatukuwa nayo. Ilikuwa chini ya kitanda cha bibi kizee. Ulizeni katika msikiti wenu: ni akina nani wanaowaosha wanawake wetu, wana umri gani, na nani anajifunza kutoka kwao? Nunueni jora la bafta kabla ya msiba. Na kabla hamjakiondoa kinachowakusanya mabinti mahali pa kheri, andaeni kwanza kitakachowakusanya badala yake.

Siku ya msiba wake nilisimama nje ya chumba pamoja na wanaume wenzangu, tukisikia maji yakimiminwa. Ndani walikuwamo wanafunzi wake. Walimsuka nywele mikia mitatu, wakamvisha sanda ya vipande vitano iliyokatwa kutoka katika jora lake mwenyewe.

Sanduku sasa liko kwa mmoja wao, pamoja na daftari. Mstari wa mwisho una jina la bibi, umeandikwa kwa herufi za Kiarabu na msichana wa miaka 19 aliyemfundisha yeye mwenyewe, na pembeni yake mna majina matano. Allah alipanulie kaburi lake, aipokee khidma yake, na atusamehe sisi tuliochelewa kuiona. Amin.