Laptopu Inapozima Katikati ya Gemu

Mechi ipo dakika ya 70, feni inavuma kwa nguvu zake zote, mara skrini inakuwa nyeusi. Hakuna onyo, hakuna ujumbe wowote wa Windows, na betri bado ina chaji. Ukibonyeza swichi papo hapo inawaka kidogo kisha inazima tena. Ukiiacha nusu saa ikapoa, inafanya kazi vizuri hadi utakapofungua gemu nyingine. Wengi huipeleka kwa fundi, na fundi asiye makini humpigia mteja Windows mpya. Fedha inakwenda, tatizo linabaki, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauko kwenye programu.

Ndani ya prosesa kuna vipima joto. Chipu nyingi za Intel za laptopu zimewekewa kikomo cha nyuzi joto 100 hivi. Joto likifika hapo, prosesa hujipunguzia kasi ili ipoe, na ndipo gemu huanza kukwamakwama. Likiendelea kupanda hata baada ya hapo, ulinzi wa ndani hukata umeme mara moja bila kusubiri Windows ifunge chochote. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye laptopu ni hili: gemu ilikuwa inakwama kabla ya kuzima?

Akisema ndiyo, ilicheza vizuri robo saa kisha ikaanza kukwama, tunatafuta joto. Akisema hapana, inazima ghafla gemu inapofunguka tu, mimi huanza na umeme. Geuza chaja usome maandishi yake: volti 19.5 mara ampea 9.23 ni wati 180, lakini volti hizohizo mara ampea 4.62 ni wati 90 tu. Laptopu za mtumba mara nyingi huuzwa na chaja ya mashine nyingine ilimradi pini imeingia. Prosesa ya wati 45 na chipu ya picha ya wati 80 zikifanya kazi pamoja, chaja ya wati 90 haiwezi kuzibeba. Kagua na betri pia. Ikiwa imevimba hadi kuinua kibodi, acha kuitumia na usiitoboe kamwe, kwani inaweza kushika moto.

Tukibaki na joto, lipime kabla ya kushika bisibisi. Programu ya HWiNFO ni ya bure. Iambie irekodi vipimo kwenye faili, maana skrini ikishazima huwezi tena kusoma kitu. Cheza kama kawaida, kisha weka kiganja kwenye tundu la pembeni au la nyuma ambako hewa hutokea. Nakiamini sana kipimo hiki. Hewa ikitoka kidogo lakini ina moto sana, njia imeziba. Ikitoka kwa wingi na ni vuguvugu tu, ilhali programu inasoma nyuzi 98, joto linashindwa kutoka kwenye chipu. Ikitoka kwa wingi na ina moto, mfumo wa kupoza unafanya kazi yake ila mzigo umeuzidi. Usipohisi hewa kabisa, feni imekufa au waya wake umechomoka.

Njia kuziba ndilo tatizo la kawaida zaidi, na kwa nje huoni kitu. Zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, uchomoe na waya wa betri kwenye ubao. Ukitoa feni utakuta kati yake na mapezi ya shaba kuna vumbi, nywele na nyuzi za nguo zilizoshikamana kiasi kwamba ukizivuta kwa kibano zinatoka kipande kimoja cha kijivu, kikiwa na alama za mapezi yenyewe. Ndiyo maana kupuliza kwa nje hakutoshi: vumbi hilo hurudi nyuma tu kisha likavutwa tena. Unapopuliza, shika feni kwa kidole isizunguke, vinginevyo blowa itaikimbiza hadi beringi ziharibike.

Joto lisilotoka kwenye chipu mara nyingi ni kosa la pesti iliyo kati ya chipu na shaba, ambayo hukauka kwa miaka. Futa ya zamani kwa spiriti, paka mpya kwa unene mdogo ienee chipu nzima, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizoandikwa kando yake. Vile vipande laini vilivyo juu ya memori ya picha viache mahali pake. Pengo la hapo ni pana, na pesti haiwezi kulijaza. Kama bado hewa ni vuguvugu baada ya pesti mpya, shuku bomba la shaba. Ndani yake kuna maji kidogo yanayogeuka mvuke upande wa chipu na kurudi kuwa maji upande wa mapezi. Likipata ufa halitengenezeki, unanunua jingine kwa modeli ya laptopu yako.

Inabaki ile inayotoa hewa nyingi ya moto. Joto la chumba huongezeka kwenye chipu karibu nyuzi kwa nyuzi, kwa hiyo Dar es Salaam ya Februari, yenye nyuzi 32 mchana, haifanani na chumba chenye kiyoyozi. Usicheze juu ya godoro, kwani hewa huingilia chini. Stendi yenye feni husaidia hapa tu; kwenye mapezi yaliyoziba ni kupoteza pesa. Kinachosaidia zaidi ni kuingia kwenye mipangilio ya gemu na kufunga fremu zisizidi 60 kwa sekunde, na katika Windows kushusha kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 99, ambacho kwa kawaida huzima mwendo wake wa ziada. Rekodi tena kwa gemu ileile. Ikitulia kwenye nyuzi 80 na kitu kwa saa nzima, hiyo ni hali ya kawaida kwa laptopu ya gemu.